Taa Kwanza, Damu Baadaye

Kwa Watanzania wengi, DNA ni habari ya baba na mtoto. Ni shauri lililofika ustawi wa jamii, ni bahasha inayosubiriwa kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ni watu wa barazani wanaojadili pua ya mtoto kabla majibu hayajarudi. Ndiyo maana ukimwambia mzee wa Bungu au Nyamisati kwamba siku hizi damu hupimwa vinasaba ili kutambua ugonjwa wa macho, kwanza atakutazama kwa shaka. Kisha huenda akakuuliza jambo ambalo wataalamu wengi hawajiulizi: wakishaona hicho walichokitafuta kwenye damu yangu, watanipa nini?

Jibu langu halitawafurahisha wauzaji wa vipimo. Kwa ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia hapa, mkazi wa delta ya Rufiji akipimwa damu kabla jicho lake halijatazamwa na mtu anayejua kulitazama, hatapewa chochote zaidi ya hofu. Na hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba mambo ya vinasaba ni anasa ya Wazungu, tuyaache. Wilaya ya Kibiti, kwenye delta hiyo, ina haki ya kipimo hicho. Ninachogombania ni zamu: kipi kitangulie, kipi kifuate.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana ni wa ajabu kidogo. Mwaka 1980 madaktari wawili wa Marekani, Stephen Ryan na Edward Maumenee, walieleza kuhusu wagonjwa ambao nyuma ya macho yao palionekana madoa mengi meupe yaliyofifia, yametawanyika kama matundu ya marisau kwenye shabaha. Ugonjwa ukapata jina lake kutokana na marisau hayo ya kupigia ndege, nami hapa nitauita hivyo hivyo, ugonjwa wa marisau. Chanzo chake si mdudu wala jeraha. Ni kinga ya mwili iliyogeuka na kuanza kushambulia tabaka za nyuma za jicho la mwenyewe: retina, yaani utando unaopokea mwanga, na koroidi, tabaka la mishipa ya damu linaloulisha utando huo.

Huwapata zaidi watu wa makamo, wengi wakiwa wanakaribia miaka hamsini au wameivuka. Kibaya zaidi ni ukimya wake. Jicho haliwi jekundu, halitoi tongotongo, na mara nyingi haliumi. Mgonjwa huona vijitu vyeusi vikielea mbele yake, jua humsumbua kuliko zamani, rangi hufifia, na giza likiingia anaanza kupapasa. Ukimsimamisha mbele ya ubao wa herufi anaweza kusoma hadi mistari ya chini kabisa, ukamwambia macho yako mazima, mama, nenda nyumbani. Wakati huo huo uwanja wake wa kuona unaliwa polepole kutoka pembeni, na akiachwa miaka bila tiba anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uono wake.

Mwaka 1982 Robert Nussenblatt na wenzake, nao wa Marekani, waligundua kwamba karibu wagonjwa wote wa marisau wana alama moja kwenye chembechembe zao nyeupe za damu, inayoitwa HLA-A29. Alama za HLA ziko katika familia kubwa. Mfaransa Jean Dausset aliielezea ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Baruj Benacerraf na George Snell. Vinasaba vyake vimekaa kwenye kromosomu ya 6, na kazi yake ni kuzionyesha seli za kinga vipande vya protini vilivyomo ndani ya seli nyingine, ili zitambue kipi cha mwili na kipi kigeni. Ni alama hizo hizo zinazolinganishwa kabla ya kupandikiza figo au uloto. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa, na ndiyo sababu Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, inapopandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, humtafuta mtoaji miongoni mwa kaka na dada wa mgonjwa. Kwa hiyo HLA si jambo la mbali tunalolisoma magazetini tu. Limeshaingia katika tiba yetu, ingawa kwa mlango mwingine.

Sasa hesabu. Kati ya wagonjwa mia wa marisau, zaidi ya 95 wana A29. Mtu akisikia hivyo anaruka hadi hitimisho: basi mwenye A29 ana ugonjwa. Hapana. Katika jamii zenye asili ya Ulaya, kama watu saba kati ya kila mia wana alama hiyo, na wengi wao mno wanaishi hadi uzee na kuzikwa bila jicho lao kuguswa na marisau hata siku moja. Chukua watu 100,000, tukadirie kwa ukarimu kwamba mmoja wao ni mgonjwa, na saba katika kila mia wana alama. Ukiwapima wote, majibu 7,000 yatarudi yakisema ndiyo. Mgonjwa ni mmoja. Hao 6,999 waliobaki umewapa karatasi yenye jina la ugonjwa wa upofu, na hakuna namna utakayoweza kuifuta kichwani mwao.

Lakini mgeuzie daktari kipimo hicho hicho baada ya kuyaona madoa kwa macho yake, baada ya kuondoa kifua kikuu na kaswende, naye akawa na shaka ya mwisho. Hapo A29 ina thamani kubwa. Ikiwepo, inaupa uzito uamuzi wa kuanza dawa kali za kutuliza kinga kwa miaka. Isipokuwepo, daktari mwangalifu atarudi nyuma na kujiuliza kama hakukosea ugonjwa. Kipimo ni kile kile, damu ni ile ile, lakini maana ya jibu imebadilika kabisa kwa sababu kuna mtu aliyelitazama jicho kwanza.

Selimundu ni habari nyingine, na ni vizuri kuitofautisha maana nayo pia hupimwa kwenye damu na hurithiwa. Mtoto aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kwa mama ni mgonjwa, na kipimo hakibahatishi. Kwa Tanzania, ambako inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka, kumpima mtoto mchanga kunaokoa maisha moja kwa moja: anaanzishiwa dawa za kumkinga na maambukizi, mama anafundishwa dalili za hatari, hydroxyurea inafuata. Kama kuna kipimo cha urithi ninachotaka kukiona katika kila wodi ya wazazi ya Kibiti na Rufiji, ni hicho. Mwambao wetu ni nchi ya malaria, na tangu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipochapisha utafiti wake mwaka 1954, dunia inajua kwamba kinasaba kimoja cha selimundu humkinga mtu na malaria kali, na kwamba hiyo ndiyo sababu kimekaa nasi kwa vizazi vingi.

Turudi kwenye A29. Alama hii si ngeni Afrika. Imepatikana katika sampuli za Kenya, imepatikana Afrika Kusini. Ajabu ni kwamba wagonjwa wa marisau walioandikwa katika majarida ya tiba karibu wote ni watu wenye asili ya Ulaya. Zipo njia mbili za kulieleza hilo. Ya kwanza ni ya kibiolojia: A29 peke yake haitoshi, lazima kuwe na kitu kingine. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi na wenzao waliripoti kwamba kinasaba kingine, ERAP2, kinachosaidia kukata protini kabla ya HLA kuzionyesha, nacho kina mkono katika ugonjwa huu. Huenda mchanganyiko wa vinasaba hivyo kwetu ni tofauti. Njia ya pili haina haja ya maabara. Ugonjwa huandikwa pale walipo madaktari wenye taa na muda wa kutazama nyuma ya jicho. Pale wasipokuwepo, mgonjwa huitwa mzee aliyepofuka, basi.

Mimi nadhani ukweli una sehemu ya zote mbili, lakini nina sababu ya kutoiamini haraka hiyo ya kwanza. Afrika Mashariki tumeshaona jinsi namba za HLA zinavyobadilika kutoka jirani hadi jirani. Kuna alama nyingine, HLA-B*57:01, ambayo mwenye nayo akipewa abacavir, moja ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, anaweza kupata mzio mkali wa kutishia maisha. Katika sampuli za kimataifa zilizojadiliwa mwaka 2010, alama hiyo ilikuwa kwa asilimia 13.6 miongoni mwa Wamasai wa Kenya, 3.3 kwa Waluhya, na sifuri kwa Wayoruba wa Nigeria. Nchi moja, Kenya, na Mmasai amemwacha Mluhya mara nne! Anayesema "Mwafrika ana hiki, hana kile" hajasoma namba hizo. Basi huwezi kuchukua asilimia ya London ukaihamishia kwa Wandengereko wa Rufiji, na huwezi pia kuchukua ya Wamasai. Damu ya Rufiji itajulikana kwa kupimwa Rufiji, kwa ridhaa ya wenyewe, na majibu yakarudi kwao.

Na Rufiji si mahali pageni kwa takwimu. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wilaya hii, wakati huo Kibiti ikiwa bado sehemu yake, iliwahi kuifundisha dunia jinsi ya kupanga fedha za afya. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, waliendesha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi hadi linaudhi: pesa ziende ulipo ugonjwa. Walipotazama vitabu vya Morogoro wakakuta malaria inachukua karibu theluthi ya mzigo wa maradhi lakini inapewa kama asilimia tano ya bajeti. Maofisa wa wilaya wakapewa chati zinazosomeka, wakapewa nyongeza ya fedha isiyofika hata dola mbili kwa kila mkazi kwa mwaka, na wakaachiwa waamue. Walifundisha waganga kumtibu mtoto mzima mzima badala ya kutibu homa peke yake, walisukuma vyandarua, walirekebisha usambazaji wa dawa. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka mitano hivi.

Chati hizo zilitoka kwa wahesabu. Kuanzia 1998, chini ya taasisi ambayo leo ni Ifakara Health Institute, wadodosaji walikuwa wakipita kaya kwa kaya, kila baada ya miezi minne, wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Palipotokea kifo walirudi kukaa na wafiwa na kuuliza dalili hadi sababu ipatikane. Ni kazi ya uvumilivu ambayo hakuna waziri aliyewahi kukata utepe wake, na imewaokoa watoto wengi kuliko majengo mengi yaliyokatiwa utepe.

Lakini tazama kilichohesabiwa. Kifo. Jicho haliui. Bibi wa Mbuchi aliyepoteza uono akiwa na miaka hamsini na tano ataingizwa kwenye daftari kila mzunguko kama mtu aliye hai, yupo nyumbani, hajahama. Siku akifa, chanzo kitaandikwa homa ya mapafu au shinikizo la damu, na miaka aliyokaa kizani, ambayo mjukuu mmoja aliacha shule ili amshike mkono, haitaonekana popote. Fedha hufuata chati, na upofu umo kwa shida sana katika chati inayojengwa juu ya vifo. Kwa heshima yote ninayowapa TEHIP, funzo lao lina tundu hapo, na ni kwenye tundu hilo maradhi yote ya macho hutumbukia: mtoto wa jicho, presha ya macho, na hata huu wa marisau.

Fikiria basi safari yenyewe. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki, na visiwa vyake vya kata za Salale, Msala, Maparoni na Kiongoroni havina barabara ya kuunganisha. Watu wanalima mpunga, wanavua kamba, na wanasafiri kwa saa za maji. Bamvua likija boti inapita mikondo hata ile midogo, maji yakiwa mafu unasubiri. Mama wa Salale anayepapasa usiku ataanzia zahanati. Atamkuta mhudumu kijana ambaye anampokea vizuri, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kisha anachukua tochi ya simu na kumulika jicho kwa nje. Kwa nje hakuna kitu. Anampa dawa ya matone, labda tetracycline ya tyubu, kwa sababu ndiyo iliyopo. Dawa ikiisha na hali ikabaki ile ile, mama ana njia mbili: boti hadi Nyamisati, kisha pikipiki hadi Bungu, kisha gari la Kilwa Road kwenda Kibiti au hospitali ya misheni ya Mchukwi, na pengine kuendelea zaidi ya kilomita mia hadi hospitali za Muhimbili au CCBRT jijini Dar es Salaam, au akae nyumbani na kusikiliza wanaosema kuna mtu kamtupia jambo. Wa kumlaumu akichagua kukaa simwoni.

Na tuseme amefika. Mwenye uvimbe nyuma ya jicho katika mwambao wetu, daktari haanzi kwa kuwaza marisau. Anawaza toksoplasma, kijidudu kinachopatikana kwa paka na nyama isiyoiva. Anawaza kifua kikuu, kaswende, virusi vya Ukimwi na maambukizi yanayopanda mgongoni mwake. Kama mgonjwa ametoka juu huko Mahenge, katika bonde hili hili la Rufiji, ataulizwa na habari za usubi. Haya yote ni ya kawaida kuliko ugonjwa wa marisau, na mengi yanatibika kwa dawa ambazo nchi inazo. Ubaya ni kwamba tiba ya marisau ni kinyume cha tiba ya hayo mengine. Marisau inatulizwa kwa prednisoloni na dawa nyingine zinazoipunguzia kinga nguvu. Mpe prednisoloni ya kumeza mtu mwenye kifua kikuu kilichojificha, bila kumpima, na umekifungulia mlango. Sasa waza karatasi ya A29 inafika mikononi mwa mganga asiye na kifaa cha kutazama retina. Kishawishi cha kuandika prednisoloni kitakuwa kikubwa, kwa kuwa karatasi ina jina la ugonjwa na jina la ugonjwa lina dawa. Hivi ndivyo kipimo kizuri kinavyoweza kumpofusha mtu.

Kuna kipimo cha vinasaba, nitaje pembeni, ambacho Tanzania imekikumbatia bila makelele: GeneXpert. Kinasoma vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu kwenye makohozi na kutoa jibu kwa saa chache. Hakuna aliyekiita anasa ya Wazungu. Kimekubalika kwa sababu kinajibu swali ambalo mganga amekwisha kuliuliza, na jibu likitoka dawa ipo kabatini.

Sasa suala la damu kama damu. Mwambao huu una kumbukumbu ndefu ya mumiani, watu wanaodaiwa kuwakamata wengine usiku na kuwanyonya damu kwa ajili ya dawa, na hadithi hizo zilisambaa sana wakati wa ukoloni, Tanganyika na Kenya. Wasomi wanapenda kuzicheka. Mimi naona ndani yake mna hoja timamu: damu yangu inakwenda wapi, nani atafaidika nayo, na mbona sikuulizwa? Kibiti hiyo hiyo, kati ya 2016 na 2017, ilipitia mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, watu wakajifunza kutomjibu haraka mgeni mwenye daftari. Ukija na sindano na fomu ya Kiingereza baada ya hapo, usishangae mlango ukifungwa.

Zaidi ya hapo, HLA ina siri ambayo mgonjwa lazima aambiwe kabla, si baada. Kwa kuwa alama hizi hurithiwa nusu kwa baba na nusu kwa mama, zilikuwa zikitumika kortini kuamua ubaba kabla vipimo vya kisasa vya DNA havijaja. Ukipima familia nzima kutafuta A29, unaweza kujikuta umefumua jambo ambalo hakuna aliyeomba lifumuliwe. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, iliyompa Mkemia Mkuu usimamizi, na ni sheria nzuri ya kuwa nayo. Lakini sheria iko Dodoma. Anayeketi na mama wa Salale kumweleza kwamba jibu hili linamhusu yeye na pia watoto wake na dada zake ni muuguzi wa zahanati, na muuguzi huyo hajawahi kufundishwa mazungumzo hayo. Maabara binafsi za mijini zinazochukua damu na kuituma nje ya nchi hazina mazungumzo hayo kwenye risiti.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba nawanyima maskini sayansi, kwamba ni maneno haya haya yaliyosemwa kuhusu dawa za Ukimwi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba Mwafrika hana saa ya kumeza vidonge kwa wakati. Hoja hiyo naiheshimu, na waliosema hivyo wakati ule walikosea vibaya. Ila tukumbuke dawa za Ukimwi zilivyofika delta. Zilikuja na kliniki za CTC, na washauri nasaha, na kadi, na mtu wa kukufuata usipotokea siku yako. Mfumo ulitangulia au ulikwenda sambamba na kidonge. Kwa macho bado hatujaujenga, na A29 haitaujenga.

Kujenga si jambo la ndoto. Kuna kifaa kidogo kiitwacho Arclight, kilichoendelezwa na watu wa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland, kinachojichaji kwa jua na kuingia mfukoni, na Tanzania ni moja ya nchi kilikotumiwa. Kwa hicho, mhudumu aliyefunzwa anaweza kutazama ndani ya jicho, si kwa nje tu. KCMC Moshi imefundisha matabibu wa macho kwa miaka mingi, wale wasaidizi wanaoshika mikoa ambayo daktari bingwa hafiki. Na Wakenya wameshaonyesha nini kifanyike ili rufaa isipotee njiani. Huko Trans Nzoia, Hillary Rono na wenzake walifanya jaribio katika shule 50, nusu yake zikitumia programu ya simu ya Peek: walimu walipima macho ya watoto, wazazi wakaonyeshwa kwenye karatasi jinsi mtoto anavyoona, na ujumbe wa kukumbusha ukatumwa kwa simu. Waliofika hospitali walikuwa asilimia 54, dhidi ya 22 kwa shule zilizotumia utaratibu wa kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Kilichoongeza watu hospitalini ni kuwafuata, na simu za kuwafuatia zipo hata Kiongoroni.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023, na kinachoamua uzito wake ni orodha ya huduma zitakazolipiwa. Nikipewa kalamu, ningeandika uchunguzi wa retina kwa kila mtu mzima anayelalamika kutoona usiku, nauli ya boti na gari kwa mwenye barua ya rufaa ya macho kutoka visiwani, na kipimo cha HLA-A29 kwa sharti moja tu: kiagizwe na bingwa wa macho aliyeyaona madoa. Kwa sharti hilo watakaopimwa nchi nzima kwa mwaka watahesabika kwa vidole, na gharama haitaitikisa bima yoyote. Katika kila uchunguzi wa namna hiyo, madoa yaandikwe na mgonjwa atajwe alikotoka, kata na kijiji, ili miaka kumi baadaye mtu akiuliza kama marisau ni nadra kweli Rufiji apate jibu kwenye daftari letu.

Kuhusu dawa, nina habari njema kuliko wengi wanavyodhani. Sindano mpya za adalimumab zina bei ya kutisha, lakini jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, likiwahusisha wagonjwa 216 wa uvimbe wa ndani ya jicho usiotokana na maambukizi kutoka nchi kadhaa, India ikiwemo, lililinganisha methotrexate ya zamani na mycophenolate iliyo ghali zaidi. Methotrexate haikuzidiwa, na kwa uvimbe wa nyuma ya jicho ilifanya vizuri zaidi. Ni kidonge kilichomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, humezwa mara moja kwa wiki pamoja na vidonge vya foliki asidi. Anayekimeza anahitaji kupimwa wingi wa damu na ini kila baada ya wiki chache, asinywe pombe, na asibebe mimba. Vipimo hivyo viwili havihitaji maabara ya vinasaba. Bingwa wa Muhimbili akishaandika dawa, mgonjwa wa Salale anaweza kufuatiliwa Mchukwi au Utete, na kurudi Dar es Salaam mara chache kwa mwaka kutazamwa retina, ikiwa tu kuna atakayemlipia boti.